Moyo wa Kumhisi Mwenzako: Hupimwaje, na Nani wa Kuupima?

Mwaka 2019 watafiti wawili wa saikolojia, Brett Murphy na Scott Lilienfeld, walikusanya tafiti 85 zilizohusisha watu zaidi ya 14,000, wakazichambua kwa pamoja. Walitaka kujua jambo moja: mtu anayejieleza kuwa ni mwepesi wa kuwaelewa wenzake, akipewa mtihani wa kutambua mawazo na hisia za watu, huwashinda wengine? Ilionekana kwamba hawashindi. Maelezo ya watu kuhusu nafsi zao yalikuwa na uhusiano mdogo mno na uwezo waliouonyesha. Kati ya tofauti zote za alama katika mitihani ile, maelezo hayo yalifafanua takriban asilimia 1 tu.

Hili si jambo dogo. Sehemu kubwa ya yale tunayosoma kuhusu empathia, yaani ule moyo wa kuelewa anachopitia mwenzako, kukihisi kwa kiasi fulani na kumjali, imetokana na hojaji ambazo mtu hujijazia mwenyewe. Kwa hojaji hizo tunaambiwa vijana wa siku hizi wana moyo au hawana, wanawake wanawapita wanaume, madaktari wanakuwa wagumu kadiri masomo yanavyosonga. Mtu naye hukutana na kipimo mtandaoni, akajibu maswali, akapewa namba, na akaondoka akijiona ama malaika ama jiwe. Kwa maoni yangu, mara nyingi tumekuwa tukimuuliza mtu asiyefaa kuulizwa. Ila kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe kinachopimwa, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Chukua tukio moja. Rafiki anakupigia simu usiku. Ameachishwa kazi asubuhi, na mwenzi wake bado hajui. Anaongea haraka haraka, anacheka mahali pasipo na cha kuchekesha, halafu ananyamaza. Ndani yako mambo kadhaa yanaweza kutokea kwa mpigo. Unaweza kung'amua kwamba kile kicheko ni ngao tu, na kinachomtisha zaidi ni namna ya kuyasema haya nyumbani kuliko mshahara wenyewe. Huko ni kuelewa kwa akili. Unaweza pia kusikia moyo wako ukienda mbio na tumbo likikaza, kana kwamba habari ile ni yako. Huko ni kuhisi. Unaweza kutamani kwa dhati aamke kesho akiwa na nafuu, ukaanza kuwaza utamsaidiaje. Huko ni kujali. Na unaweza kulemewa kiasi cha kutaka simu ikatike, ukakimbilia kumwambia "usijali, mambo yatakaa sawa", maneno ambayo ukweli wake ni kwamba yanakutuliza wewe kuliko yeye. Wanasaikolojia huita hiyo dhiki binafsi.

Haya yote yanaweza kumtokea mtu mmoja ndani ya dakika moja, lakini hayalazimiki kufuatana. Tapeli hodari hukusoma kama kitabu kilichofunuliwa huku hajali lolote litakalokupata. Mtoto mchanga hulia akisikia mwenzake analia, na hajui kwa nini. Na wako watu ambao huguswa sana na machozi ya wengine ila hawajui la kufanya, wakaishia kukaa mbali.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Davis, ndiye aliyeleta hojaji iliyotenganisha mambo haya vizuri zaidi. Aliitoa mwaka 1980 na kuitetea kwa kirefu mwaka 1983, na hadi leo ni miongoni mwa zinazotumika sana duniani. Ina sentensi 28 zilizogawanywa katika mafungu manne yenye sentensi saba saba: kutazama jambo kwa jicho la mwenzako, kumjali mwenye shida, dhiki binafsi, na wepesi wa kuzama katika hadithi na wahusika wake. Kila sentensi hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo kila fungu lina kilele cha 28. Mafungu hayo hayakukusudiwa kujumlishwa, na sababu yake iko wazi. Katika takwimu za Davis mwenyewe, waliokuwa na alama za juu katika kutazama jambo kwa jicho la mwenzao walielekea kuwa na alama za chini katika dhiki binafsi. Ukizijumlisha, mtu mtulivu anayeelewa na mtu anayezama pamoja na anayezama wanaweza kupata namba ileile.

Zipo hojaji zinazotoa jumla moja. Ile ya Simon Baron-Cohen na Sally Wheelwright ya mwaka 2004 ina sentensi 60. Kati ya hizo, 20 zimewekwa ili kumpumzisha msomaji asikariri mwelekeo wa maswali, na jumla ya juu kabisa ni 80. Ile ya Toronto ya mwaka 2009 ina sentensi 16 tu. Ni fupi na zinafaa pale unapotaka picha ya jumla ya kundi kubwa. Kwa mtu mmoja mmoja, namba hiyo moja huficha zaidi ya inavyofichua.

Sasa turudi kwenye lile tatizo la kujipima mwenyewe. Watu hupenda kuonekana wema, na hakuna asiyejua jibu zuri ni lipi mbele ya sentensi inayomuuliza kama huwajali wanyonge. Lakini liko tatizo lililo zito zaidi, ambalo hata mkweli wa kweli halikwepi. Anayewasoma watu vibaya hana namna ya kujua kwamba anawasoma vibaya. Ukikosea njia utafika pasipo pako na utajua. Ukikosea kuhusu moyo wa mtu, mara nyingi yeye hunyamaza, anatabasamu, anabadilisha mada, nawe unaenda zako ukiamini umemwelewa. Kosa la aina hiyo halipigi kengele, kwa hiyo miaka mingi ya kuishi na watu si lazima imfundishe mtu.

Nancy Eisenberg na Randy Lennon walionyesha jambo linalofanana na hilo mwaka 1983 walipopitia tafiti za tofauti kati ya wanawake na wanaume. Katika hojaji za kujijazia, wanawake waliwazidi wanaume kwa kiasi kikubwa. Lakini watafiti walipopima mapigo ya moyo na jasho la ngozi, au walipotazama sura za watu bila wao kujua kinachotazamwa, tofauti ile haikuonekana. Hojaji zilikuwa zimenasa, angalau kwa sehemu, kile ambacho kila upande umefundishwa kwamba unapaswa kuwa nacho. Kwa sababu hiyo nasoma kwa tahadhari pia ule uchambuzi maarufu wa Sara Konrath na wenzake, uliotumia majibu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani karibu 14,000 kati ya 1979 na 2009, na kukuta alama za kujali zikishuka, hasa baada ya mwaka 2000. Magazeti yalitangaza kifo cha utu. Uchambuzi wa baadaye wa watafiti haohao ulikuta alama zikipanda tena tangu karibu mwaka 2008, na habari hiyo haikupigiwa mbiu.

Ili kukwepa kujisifu, watafiti waligeukia mitihani. Ulio maarufu ni ule wa macho, uliosahihishwa mwaka 2001, pia na kundi la Baron-Cohen. Unaonyeshwa picha 36 za watu, eneo la macho tu, na kila picha ina maneno manne ya hisia. Chagua moja. Umetumika katika mamia ya tafiti, lakini una nyufa. Anayejua maneno mengi ana faida juu ya asiyeyajua. Na jibu sahihi lilipatikana kwa watu kukubaliana kwamba macho yale yanasema hivi au vile, wala si kwa mwenye macho kueleza alihisi nini siku ile. Isitoshe, huzuni ya mtu haiji kwako ikiwa na majibu manne ya kuchagua.

Njia ninayoiona kuwa ya haki zaidi ni ile ya William Ickes na wenzake. Watu wawili wasiofahamiana wanakaribishwa chumbani kusubiri. Mtafiti anatoa udhuru na kutoka. Kamera iliyofichwa inanasa mazungumzo yao ya dakika chache. Kisha wanaambiwa ukweli na kuombwa ridhaa, na kila mmoja anaketi peke yake kuitazama video. Kila anapokumbuka kwamba pale alikuwa na wazo au hisia fulani, anaisimamisha na kuandika: hapa niliona aibu, hapa nilijiuliza kama ananichoka. Baadaye video inachezwa tena, safari hii ikisimama pale mwenzake aliposimama, naye anakisia mwenzake alikuwa anawaza nini. Waamuzi wanalinganisha makisio na yaliyoandikwa. Anayejua jibu, kwa mara ya kwanza, ni mwenye hisia mwenyewe.

Matokeo yake yanapasa kutunyenyekesha. Wageni hupata kama asilimia 20. Marafiki wa karibu na wanandoa hufika asilimia 30 hadi 35, na ni nadra mtu kuvuka 60. Fikiria hilo vizuri: watu walioshiriki meza na kitanda kwa miaka, na bado theluthi mbili ya yanayopita kichwani mwa mwenzao hawayapati.

Mwaka 2008 Jamil Zaki, Niall Bolger na Kevin Ochsner waliongeza kipande kilichokuwa kinakosekana. Waliwarekodi watu wakisimulia matukio mazito ya maisha yao, halafu wakawaomba wengine wakadirie hisia za wasimuliaji sekunde hadi sekunde. Waliojieleza kuwa wepesi wa kuhisi wenzao walikuwa sahihi kuliko wengine pale tu msimuliaji alipokuwa mtu anayeonyesha hisia zake waziwazi. Mbele ya mtu aliyezoea kuficha, moyo wao mwepesi haukuwasaidia. Kwa hiyo usahihi huo hauko ndani ya mtu mmoja kama urefu au uzito. Uko kati ya wawili, na mmoja wao akifunga mlango, wote hubaki nje.

Ndiyo maana inaniuma kusikia ikisemwa kwamba watu wenye usonji hawana empathia. Ni kweli kwamba wengi wao hupata alama za chini katika hojaji na katika mtihani wa macho. Lakini Geoffrey Bird na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba ubongo wao ukiitika kwa unyonge mbele ya maumivu ya wapendwa, sababu si usonji wenyewe. Kinachoamua ni kiwango cha aleksithimia, hali ya mtu kushindwa kutambua na kutaja hisia zake mwenyewe, ambayo baadhi ya wenye usonji wanayo na wengine hawana, sawa na watu wengine wote. Naye Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Wasio na usonji nao huwasoma vibaya wenye usonji, ila wao hakuna anayewapa alama.

Mashine za kupiga picha za ubongo nazo zimetoa mchango wake. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake waliwachukua jozi 16 za wapenzi. Mwanamke alilala ndani ya mashine huku mpenzi wake akiwa kando, na kwa zamu mmoja wao alipata mchomo wa umeme mkononi. Maeneo ya ubongo yanayobeba uchungu wa maumivu, yaani insula na sehemu ya singuleti ya mbele, yaliwaka kwa mwanamke alipoumizwa yeye na pia alipojua anaumizwa mpenzi wake. Yale yanayosajili mahali na nguvu ya mchomo hayakuwaka kwa maumivu ya mwenzake. Ni ugunduzi wa kutia moyo kuhusu jinsi tulivyoumbwa. Lakini picha ya ubongo haisemi kama mtu huyo atainuka akasaidie au atageuza uso. Kuumia pamoja na mtu ni jambo moja, na kumfaa ni jingine.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi kama anayejua kilichomo ni mwenyewe, kwa nini tusimuulize yeye? Katika tiba ya mazungumzo swali hili limefanyiwa kazi kwa muda mrefu, tangu mwanasaikolojia Carl Rogers alipotangaza mwaka 1957 kwamba mgonjwa hawezi kubadilika bila kuhisi anaeleweka. Mwaka 2018 Robert Elliott na wenzake walichambua sampuli 82 zenye wateja zaidi ya 6,000 wa tiba hiyo, wakakuta uwiano wa 0.28 (0 ikiwa hakuna uhusiano, 1 ukiwa kamili) kati ya empathia ya mtibabu na nafuu ya mteja. Kwa anayesoma haraka 0.28 ni kidogo. Katika tiba ya nafsi, ambako sababu za mtu kupona ni nyingi na zimesukana, ni kikubwa. Na kipimo kilichotabiri nafuu vizuri zaidi kilitoka kwa mteja mwenyewe, kikakishinda cha mtibabu kujikadiria.

Hospitali zimeanza kulifuata wazo hilo. Stewart Mercer na wenzake huko Uskoti walitengeneza hojaji ya maswali 10 ambayo hujazwa na mgonjwa baada ya kumwona daktari: je, alikupa nafasi ya kueleza habari yako, alikusikiliza kweli, alikuona kama mtu kamili na si ugonjwa tu? Daktari hana mahali pa kujipendelea hapo.

Nisiwaonee wanaojijazia, hata hivyo. Mohammadreza Hojat na wenzake walitumia hojaji iliyojazwa na madaktari wenyewe, wakailinganisha na hali ya wagonjwa 891 wa kisukari. Matokeo yalitoka mwaka 2011: kwa madaktari wa alama za juu, asilimia 56 ya wagonjwa walikuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri, na kwa wale wa alama za chini, asilimia 40. Mwaka 2012 utafiti mwingine wa Parma, Italia, wenye wagonjwa karibu 21,000, ulikuta madhara makali ya ghafla ya kisukari kwa wagonjwa 4 kati ya 1,000 kwa madaktari wa alama za juu, na 6.5 kwa wale wa chini. Nadhani hojaji hizi hunasa nia. Daktari anayesema ni muhimu kumwelewa mgonjwa atauliza swali moja zaidi, naye mgonjwa atakiri kwamba dawa aliziacha. Nia si uwezo, lakini nia hufungua mdomo wa mwingine.

Upande wa anayetoa, je? Hapa ushauri wa kawaida, kwamba tuhisi zaidi na zaidi, unaweza kuumiza watu. Wenye sonona mara nyingi hupata alama za juu katika dhiki binafsi: uchungu wa wengine unawaingia wote, hauna pa kutokea. Wauguzi, walezi, washauri nasaha na wanaomuuguza ndugu nyumbani wanaijua hali hii kwa mwili wao. Olga Klimecki, Singer na wenzao, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliwafundisha washiriki kwanza kuhisi pamoja na watu waliowaona wakiteseka katika video. Hisia zao mbaya zikaongezeka. Kisha wakawafundisha kuwatakia mema watu haohao, kwa joto na upole, bila kuyageuza mateso yao kuwa yao. Hisia mbaya zikapungua, nzuri zikapanda, na ubongo ukatumia njia nyingine kabisa. Video hazikuwa zimepungua ukali. Kilichobadilika ni mahali mtazamaji alipojiweka.

C. Daniel Batson alikuwa ameligusa jambo hili mapema. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba ukijiwazia wewe ungekuwa katika shida ile, unapata kujali na dhiki kwa pamoja. Ukimuwazia yeye anavyohisi, unapata kujali zaidi bila ule mzigo. Tofauti ni ndogo ukiitamka, lakini ndiyo inayomtenganisha anayebaki na anayekimbia.

Hata hivyo kuwaza peke yake hakutoshi. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walifanya majaribio 25 na kuyachapisha mwaka 2018. Watu waliohimizwa kujiweka katika nafasi ya mwingine hawakuwa sahihi zaidi kuhusu mwingine huyo, ingawa wakati mwingine walijiamini zaidi. Kilicholeta usahihi ni kuzungumza naye na kumuuliza. Washauri nasaha wazuri hufanya hivyo kila siku: hurudisha walichosikia kwa sauti ya kuuliza, wakiacha nafasi ya kusahihishwa. Mteja akijibu "hapana, si hivyo hasa", hawahesabu kwamba wameshindwa. Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza.

Ukikutana basi na kipimo cha empathia, tazama kwanza kama kinatoa namba moja au mafungu. Kikitoa namba moja, usijenge juu yake hukumu ya utu wako wala wa mtu mwingine. Kikitoa mafungu na ukakuta lile la dhiki binafsi liko juu sana, usiichukue kuwa sifa ya moyo mwema, wala kasoro ya tabia. Jiulize unalala vipi, unakula vipi, ni shida za watu wangapi unazozibeba wiki hii, na kama kuna yeyote anayekusikiliza wewe. Ikiwa huzuni imekaa kwa wiki mbili au zaidi na huna hamu na uliyokuwa ukiyapenda, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa afya ya akili. Mwendee na mweleze kwa maneno yako, hata kama umesahau alama zako.